Acha Dirisha Wazi Msimu Huu wa Baridi

Mwezi wa Juni ukiingia hapa Kimana, mambo hubadilika bila kutangazwa. Ukungu hutanda asubuhi, Mlima Kilimanjaro hujificha nyuma ya mawingu, na watu hujifunika mashuka mazito hadi masikioni. Huko Kitengela nako, ambako uwanda ni wazi na upepo hauna cha kuuzuia, abiria wa alfajiri husimama kwenye steji wakitetemeka. Hali hii huendelea hadi Agosti. Katika miezi hiyo mitatu foleni kwenye zahanati zetu hurefuka, na wagonjwa wengi huingia wakiwa tayari wanajua chanzo cha maradhi yao. "Ni hii baridi tu, daktari," huniambia.

Mtoto akikohoa usiku kucha, ni baridi. Mama akiamka na kichwa kinachogonga, ni baridi. Mzee akianguka ghafla na upande mmoja wa mwili ukapooza, ni baridi.

Maoni yangu ni kwamba baridi husingiziwa mengi. Sisemi haina madhara, la hasha. Lakini sehemu kubwa ya madhara ya msimu huu hutokana na yale tunayoyafanya ili kuikimbia. Tunaziba nyumba, tunaingiza jiko chumbani, tunazidisha chai yenye sukari, tunaacha kutembea, tunasahau maji na mboga. Kila moja ya hayo ni desturi ndogo, na kwa sababu ni ndogo, inaweza kubadilishwa na mtu yeyote, awe na mali au asiwe nayo.

Usidhani haya ni maneno ya daktari wa kijijini tu. Mwaka wa 2003 kulichapishwa utafiti uliolinganisha nchi 14 za Ulaya kwa kutazama vifo vya kati ya 1988 na 1997. Ungetarajia kwamba Finland, nchi ya theluji na barafu, ndiyo ingekuwa na ongezeko kubwa zaidi la vifo wakati wa baridi. Sivyo ilivyokuwa. Ureno, nchi yenye hali ya hewa ya wastani, iliishinda Finland kwa mbali. Wafini hujenga nyumba zao na kuvaa wakiifikiria baridi tangu mwanzo, ilhali watu wa nchi za joto huichukulia kama mgeni wa siku mbili. Sisi wa Kajiado tuko katika kundi hilo la pili. Miezi tisa tunalalamikia jua, kisha Juni inatukuta hatuna hata soksi.

Jiko lisilale na watu

Tuanze na lililo zito zaidi. Jioni baridi inapozidi, familia nyingi huingiza jiko la makaa chumbani, hufunga mlango, huziba mwanya wa chini kwa gunia na kulala. Wengi huamini kwamba hatari iko kwenye moshi, na kwamba makaa yakishakolea na moshi kwisha, basi jiko ni salama. Imani hiyo imewazika watu wengi nchini.

Makaa yanayowaka hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu wala haiwashi macho. Ikiingia mwilini hushikamana na himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni yenyewe zaidi ya mara 200. Damu huendelea kuzunguka lakini haina tena kile ambacho ubongo na moyo vinahitaji. Aliye macho huumwa na kichwa, huona kizunguzungu na kuhisi kichefuchefu. Aliyelala hahisi lolote, na huenda asiamke.

Ipo dalili moja ambayo ningependa uikumbuke. Ikiwa watu wawili au zaidi wa nyumba moja wanaamka na maumivu ya kichwa, na maumivu hayo yanapungua wakitoka nje, usikimbilie dukani kununua dawa. Toa jiko, fungua mlango na madirisha, kisha nendeni hospitalini mkapimwe.

Badiliko ninaloliomba hapa ni hili: jiko lisiingie kabisa katika chumba cha kulala. Ikiwa nyumba yenu ni chumba kimoja na hamna budi kupika humo, dirisha liwe wazi wakati wote moto unapowaka, na jiko litolewe nje kabla mtu wa kwanza hajalala. Joto la usiku litafutwe kwenye blanketi, soksi, kofia, na nguo mbili tatu nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine. Nguo za namna hiyo hutunza joto kuliko koti moja zito.

Hata moshi unaoonekana si rafiki. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, itokanayo na kuni, makaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, kuvuta moshi huo karibu huongeza maradufu hatari ya kupata nimonia. Wamama wa Kimaasai wanalijua jambo hili kuliko daktari yeyote, kwa kuwa wao ndio wajengao enkaji na wao ndio wanaokaa karibu na meko. Kati ya 1998 na 2001 shirika la ITDG, ambalo siku hizi huitwa Practical Action, lilifanya kazi na familia za Kajiado na za magharibi mwa Kenya kutafuta njia ya kupunguza moshi. Wanawake wenyewe walishiriki katika kuamua. Madirisha yalipanuliwa, na vifuniko vya bati vikawekwa juu ya meko ili kuusukuma moshi nje. Katika nyumba za Kajiado zilizopata vifuniko hivyo, moshi ulipungua kwa zaidi ya nusu. Meko yalibaki palepale na chakula kilikuwa kilekile.

Najua utaniambia, "Daktari, dirisha likibaki wazi mwizi ataingia, na mbu nao?" Swali ni la haki, hasa kwetu Kimana penye chemchemi na mifereji ya kunyunyizia mashamba. Basi tundu liwe juu, karibu na paa, upana wa kiganja, na lizibwe kwa waya wa mbu. Mwizi hapiti hapo, mbu naye hapiti, lakini hewa inapita. Wahenga walitufundisha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hili la hewa nawaomba radhi wahenga: ufa huu usiuzibe.

Hewa hiyohiyo ndiyo itakayopunguza mafua. Homa na mafua huletwa na virusi, na virusi husambaa kwa urahisi pale watu wanapokaa wamebanana katika chumba kilichofungwa. Matatu ya kutoka Kitengela kwenda Nairobi asubuhi ya Julai huwa imejaa abiria na madirisha yote yamefungwa. Mmoja akikohoa, wote wanashiriki. Fungua kidogo dirisha lililo karibu nawe, na jirani akinuna, mwombe radhi kwa upole. Kohoa kwenye kiwiko cha mkono. Na kikohozi kikizidi majuma mawili, usiendelee kulaumu baridi. Nenda ukapimwe kifua kikuu, vipimo na dawa zake hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali.

Kikombe cha chai na kijiko cha sukari

Hakuna Mkenya atakayenisikiliza nikimwambia aache chai wakati wa baridi, na mimi mwenyewe sitajaribu. Ninachotaka ni tuhesabu pamoja. Mtu anayetia vijiko vitatu vya chai vya sukari katika kikombe, na kunywa vikombe vitano kwa siku kwa sababu ya baridi, amekula vijiko 15. Kijiko kimoja ni takriban gramu 4, kwa hiyo ni gramu 60 kwa siku. Pakiti nzima ya kilo moja itaisha kwa siku 17, na ni yeye peke yake aliyeimaliza. Shirika la Afya Duniani lashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ingefaa zaidi isizidi 25. Hapo hatujagusa mandazi wala soda.

Chovya chovya humaliza buyu la asali. Utafiti mkubwa wa kitaifa uliofanywa na serikali yetu mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba Wakenya wapatao 84 kwa kila 100 hutia sukari katika vinywaji vyao mara nyingi au kila mara. Basi punguza nusu kijiko tu. Kaa hivyo majuma mawili, ulimi uzoee, kisha punguza nusu nyingine. Kufikia mwisho wa Agosti utakuwa umefika kwenye kijiko kimoja na nusu, na ile chai ya zamani utaiona kama dawa ya kikohozi.

Kuhusu watoto, chai isichukue nafasi ya uji au maziwa. Majani ya chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika chakula, na mtoto anayeshushia kila mlo kwa chai hupungukiwa na damu polepole. Chai ingoje saa moja baada ya kula.

Maji nayo husahaulika kabisa msimu huu. Kiu hupungua, lakini mwili bado unapoteza maji kwa pumzi na kwa mkojo, ambao huongezeka wakati wa baridi. Matokeo yake ni choo kigumu, mkojo unaochoma, na kwa wengine mawe ya figo. Ikiwa maji baridi yanakuumiza meno, jaza chupa ya chai maji moto asubuhi na unywe polepole mchana kutwa. Mkojo wako ndio utakaokuambia kama yametosha: ukiwa mweupe au manjano hafifu, sawa, ukiwa kama chai ya rangi, ongeza.

Na wale wanaosema kwamba kileo hupasha mwili joto? Hawa hudanganywa na ngozi yao. Pombe hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, ndiyo maana mnywaji huhisi joto usoni. Lakini damu hiyo hupeleka joto la ndani ya mwili nje, na mwili hupoa zaidi. Mlevi anayelala kando ya barabara mwezi wa Julai yumo hatarini kuliko asiyekunywa.

Penye miti hapana wajenzi

Sasa nitasema jambo ambalo huenda likawaudhi majirani zangu. Maji yanayotoka chini ya Kilimanjaro yameifanya Kimana kuwa bustani. Nyanya na vitunguu vyetu hupakiwa kwenye malori hadi Nairobi na Mombasa. Lakini ukiingia jikoni kwa aliyevilima, mara nyingi utakuta ugali na chai, au mchele mtupu na kipande cha nyama siku ya mnada. Hakika penye miti hapana wajenzi. Utafiti uleule wa 2015 ulionyesha kwamba watu wazima 94 kwa kila 100 nchini hawali mboga na matunda ya kutosha. Kiasi kinachoshauriwa ni gramu 400 kwa siku, yaani kama magao matano ya kujaza mkono.

Sishauri mtu anunue chakula cha gharama. Mkulima atenge tuta moja la nyumbani la sukuma wiki, managu, terere au kunde, na tuta hilo lisipulizwe dawa ile inayopulizwa nyanya za sokoni. Asiye na shamba aongeze kiganja kimoja cha mboga katika sufuria ya kila jioni. Mfugaji anayependa nyama na maziwa simkatazi, ila namwomba aweke mboga kando ya nyama. Chumvi itiwe wakati wa kupika tu, kopo lisiwekwe mezani. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi, takriban gramu 5, ndicho kikomo cha mtu mzima kwa siku nzima.

Miguu ya wazee wetu

Mwaka wa 1964 daktari Mmarekani George Mann na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya wanaume 400 wa Kimaasai wa Tanganyika. Watu hawa waliishi kwa maziwa na nyama, chakula ambacho wataalamu waliamini kingewajaza mafuta kwenye damu. Badala yake walikutwa na kolesteroli ya chini na dalili chache sana za ugonjwa wa moyo. Wataalamu wamebishana tangu hapo kuhusu sababu, lakini jambo moja halikuwa na ubishi: wanaume wale walikuwa na nguvu za mwili zisizo za kawaida, kwa maana walitembea kutwa nyuma ya mifugo.

Wajukuu wao wanakula nyama ileile, ila wanaenda dukani kwa bodaboda. Baridi ikiingia, hata zile hatua chache zilizobaki huachwa. Mwili wa mtu mzima unahitaji angalau dakika 150 za mwendo wa kasi kwa juma, ambazo ukizigawa kwa siku saba ni kama dakika 22. Shuka kwenye bodaboda kabla hujafika, utembee dakika 10. Wakati wa kurudi fanya vivyo hivyo. Kumi na kumi ni 20, na kazi karibu imekwisha. Jambo hili litakupasha joto kuliko koti. Na jua likichomoza saa nne asubuhi, mtoe mtoto mchanga nje kidogo, miguu na mikono ikiwa wazi, maana mtoto anayefungiwa ndani miezi mitatu anaweza kukosa vitamini D na kupata matege.

Presha haingoji Septemba

Baridi hubana mishipa ya damu, na mishipa ikibanwa shinikizo la damu hupanda. Ndiyo maana mwenye presha aliyekuwa sawa mwezi wa Machi anaweza kuwa hatarini Julai, na zaidi akiwa ameacha dawa kwa kuwa hahisi kitu. Karibu robo ya watu wazima wa Kenya walikutwa na shinikizo la juu mwaka wa 2015, na zaidi ya nusu ya watu walikuwa hawajawahi kupimwa hata siku moja. Hilo la kutopimwa ndilo linaloniuma, kwa sababu kipimo ni dakika tatu. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 na kuwapa mikoba yenye vifaa, vikiwemo vya kupima presha na sukari. Mwulize wa mtaa wako. Ukishapita miaka 40, pimwa mwanzoni mwa msimu, na ukiwa unameza dawa, usiziache bila kumwuliza aliyekuandikia. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakikwama ghafla, hayo si ya kusuguliwa mafuta. Ni safari ya hospitalini saa hiyohiyo.

Kwa wenye watoto wadogo, hakikisheni chanjo ya nimonia, ambayo imekuwa ikitolewa nchini tangu 2011, imekamilika. Mtoto akikohoa, hesabu pumzi zake kwa dakika moja akiwa ametulia. Zikiwa 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja, au 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, au kifua kikididimia anapovuta hewa, usingoje kupambazuke.

Wenye nyumba nao

Haitakuwa haki nimtwike mpangaji mzigo wote. Katika Kitengela na hata hapa Kimana zinajengwa nyumba za kukodisha ambazo chumba chake kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, au hakina tundu lolote. Mpangaji wa chumba kama hicho utamwambiaje afungue dirisha? Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inampa afisa wa afya uwezo wa kutaka jengo linalohatarisha afya lirekebishwe. Kaunti ya Kajiado iwatume maafisa hao wakague vyumba kabla ya Juni. Wasingoje hadi familia ikutwe imelala milele. Tundu la hewa juu ya mlango ni matofali mawili tu yasiyojengwa. Halimgharimu mwenye nyumba chochote.

Msomaji wangu, watu wengi hushindwa kubadilika kwa kuwa huanza na mambo kumi siku moja, na kufikia Jumatano yote yamewashinda. Haba na haba hujaza kibaba. Chagua moja kati ya haya niliyoyataja, lishike kwa majuma mawili, ndipo uongeze la pili. Lakini kama nyumbani kwako jiko hulala ndani, basi hapo huna la kuchagua. Anza na hilo leo jioni, kabla taa hazijazimwa.